Madaraja ya Nyaya za Spika, na Wajibu wa Atiaye Sahihi

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya shauri lililo mezani, nalo ni kutia vyombo vya kupaza sauti katika ukumbi wa Chama: amplifaya moja na spika nane, ili asemaye mbele asikike hata na aliyeketi nyuma mlangoni. Bei za mafundi wawili zimekwisha letwa. Moja ni nafuu kuliko nyingine, na wengi wetu tumevutwa na ile nafuu, kama ilivyo ada ya watu watunzao fedha za wenzao.

Tulipozisoma bei hizo mstari kwa mstari, tuliona ya kuwa amplifaya ni ile ile na spika ni zile zile. Tofauti yote imo katika nyaya. Fundi wa bei nafuu ataka kupitisha nyaya za spika ndani ya bomba lile lile lenye nyaya za taa, na mahali pasipo na bomba atazilaza juu ya mbao za dari. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba nyaya za spika hazina neno, kwa kuwa hubeba sauti tu.

Jibu hilo ndilo tutakalolipima leo. Twataka kuonyesha kwamba hatari ya waya wa spika hupimika, na kwamba waliotengeneza amplifaya hiyo wamekwisha ipima na kuandika hukumu yake nyuma ya chombo. Atiaye sahihi bila kuisoma hukumu hiyo atia sahihi juu ya jambo asilolijua.

1. Waya wa spika wabeba nini

Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme mdogo sana. Amplifaya huuongeza umeme ule nguvu. Spika huupokea na kuugeuza tena kuwa sauti. Basi katikati ya amplifaya na spika hapana sauti hata kidogo. Pana umeme, na kiasi chake chaweza kuhesabiwa na mtu yeyote ajuaye kugawanya na kuzidisha.

Mathalan, amplifaya itoayo wati 100 kwa spika ya omu 8 hupeleka wayani volti 28 na ampea 3 na nusu. Ikitoa wati 1,000 kwa spika hiyo hiyo, volti hufika 89 na ampea hupita 11. Tukumbuke kwamba umeme wa taa za nyumba zetu ni volti 230. Mtu akiona volti 89 hapaswi kuzidharau, na waya mwembamba unaobeba ampea 11 kwa muda mrefu waweza kupata moto mpaka mpira wake ukayeyuka.

2. Kwa nini ukumbi mkubwa hutumia volti 100

Pana jambo la pili. Katika nyumba ya mtu spika i karibu na amplifaya. Katika ukumbi, waya huzunguka kuta zote, nao waya kila urefukapo hula sehemu ya nguvu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5 una kama omu 12 katika kila kilomita. Ukipelekwa mita 100, umeme husafiri mita 200, kwenda na kurudi, na hapo pana omu 2.4. Spika ikiwa ya omu 8, karibu robo ya nguvu yote hupotea njiani kwa kuupasha waya joto.

Mabingwa wa kazi hiyo waliitafutia dawa. Kila spika hutiwa transfoma ndogo, na amplifaya hutoa volti nyingi na ampea chache. Katika Uingereza na nchi nyingi zilizofuata desturi yake, na katika Afrika ya Mashariki pia, kipimo kilichozoeleka ni volti 100. Katika Marekani ni volti 70.7, ambazo kilele chake hufika volti 100. Kwa desturi hii ya volti 100, wati zile zile 100 hupita kwa ampea 1 tu, na waya ule ule wa mita 100 hula kama sehemu 2 katika 100 badala ya robo. Spika zetu nane, kila moja ikipangwa kula wati 10, zitakuwa na jumla ya wati 80. Kila moja itachukua sehemu ya kumi ya ampea, na zote pamoja hazitafika ampea moja. Amplifaya ya wati 100 au 120 yatosha, na akiba yabaki.

Faida hiyo ni kubwa, walakini ina bei yake. Sauti ikipanda mpaka mwisho, volti 100 husimama juu ya skrubu za spika, mahali ambapo mtoto aweza kugusa au mwenye kupaka rangi aweza kushika. Kwa kanuni za kimataifa za umeme, zile za IEC, volti zihesabiwazo kuwa ndogo kabisa hukoma kwenye 50 kwa umeme wa kwenda na kurudi. Volti 100 ni mara mbili ya mpaka huo. Kwa hiyo neno la fundi, kwamba hapo pana sauti tu, limekwisha anguka kwa hesabu peke yake.

3. Madaraja matatu ya nyaya

Sasa twafika kwenye chapa iliyo nyuma ya amplifaya tunayotaka kununua. Chombo hiki chatoka Marekani, na karibu na skrubu za kutolea umeme pamechapwa maneno ya Kiingereza yataja daraja la waya. Ili kuyafahamu, imetupasa kujua sheria iliyoyazaa.

Katika Marekani iko kanuni ya umeme iitwayo National Electrical Code. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1897, na tangu 1911 imesimamiwa na chama cha kukinga moto kiitwacho National Fire Protection Association. Hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu. Kifungu chake cha 640 chahusu vyombo vya kupaza sauti, nacho chasema kwamba nyaya zitokazo katika amplifaya zaweza kutandikwa kwa Daraja la Kwanza, la Pili au la Tatu, ikiwa amplifaya imepimwa na kuchapwa kwa daraja hilo. Kifungu cha 725 chahusu Daraja la Pili na la Tatu.

Madaraja haya husimama juu ya maswali mawili. La kwanza: je, umeme huu waweza kuwasha moto? La pili: je, waweza kumdhuru mtu akiugusa?

Daraja la Pili ni la umeme uliozuiliwa hata maswali yote mawili yamekwisha jibiwa. Chanzo cha kawaida cha daraja hili hakipiti volti 30, na nguvu yake iliyoandikwa haipiti volti-ampea 100. Hauwezi kwa urahisi kuwasha moto, wala kumpiga mtu kwa kiasi cha kumdhuru.

Daraja la Tatu ni la umeme ambao nguvu yake imezuiliwa vivyo hivyo kwa ajili ya moto, lakini volti zake huruhusiwa kupanda, aghalabu hata 100. Hapo hatari ya kupigwa ipo, na kwa hiyo waya na viungo vyake hutakiwa ulinzi zaidi.

Daraja la Kwanza ni la umeme usiozuiliwa kiasi hicho. Huo hutandikwa kama umeme wa taa: ndani ya bomba au kwa njia nyingine zilizo imara kama hiyo, kwa nyaya zenye mpira wa kutosha, na viungo vyote ndani ya masanduku yenye vifuniko.

Hapa twaomba makarani wasikilize sana, kwa maana mazoea ya kazi yetu yaweza kutupoteza. Sisi tumezoea madaraja ya cheo na madaraja ya gari la moshi, ambayo hushuka kwa taratibu: la kwanza juu, la pili katikati, la tatu chini. Madaraja ya nyaya hayaendi hivyo. La Pili ndilo salama kuliko yote. La Tatu lina hatari zaidi ya la Pili. Na la Kwanza ndilo lenye hatari kupita yote mawili. Mtu akidhani kwamba la Tatu ni la chini na kwa hiyo halina haja ya uangalifu, amekosea kusoma.

4. Hukumu imo katika chapa

Huenda mwanachama akauliza: kwa nini tusihesabu wenyewe kwa wati na volti, tukajua daraja? Jawabu ni kwamba sauti ya mtu na sauti ya muziki haikai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kila dakika, na amplifaya nyingine zina kizuizi ndani yake kinachopunguza umeme waya zikigusana. Mambo hayo hupimwa na wapimaji kwa vyombo, hayaonekani katika karatasi ya matangazo. Ndiyo sababu kanuni imefunga hukumu na chapa. Wati zilizoandikwa juu ya kasha zasema chombo chaweza kupiga kelele kiasi gani. Hazisemi waya utandikwe namna gani.

Tena chombo kimoja chaweza kuwa na chapa zaidi ya moja: skrubu za omu 4 au 8 kwa daraja moja, na skrubu za volti 70 au 100 kwa daraja jingine. Basi haitoshi kusema, “Amplifaya hii ni ya Daraja la Pili.” Yatupasa kuuliza, “Skrubu tutakazotumia sisi ni za daraja gani?”

5. Neno moja, maana tatu

Twaona vema kutaja kosa ambalo limezoeleka madukani. Neno hili daraja, kwa Kiingereza “class,” hutumika kwa mambo matatu yasiyohusiana.

Kwanza ni daraja la utendaji wa amplifaya, ambalo huandikwa kwa herufi: A, B, AB, D. Hilo laeleza jinsi chombo kinavyofanya kazi ndani yake na kiasi cha joto kinachotoa. Halina habari na waya wa nje.

Pili ni daraja la kinga ya chombo, ambalo huandikwa kwa tarakimu za Kirumi: I, II, III. Chombo cha daraja la I kina waya wa ardhi. Cha II kina kinga mbili badala ya ardhi, na alama yake ni mraba ndani ya mraba. Cha III hula volti zile ndogo kabisa tu.

Tatu ndilo daraja la nyaya tulilolieleza, nalo huandikwa kwa tarakimu za kawaida: 1, 2, 3.

Mwuzaji akikuonyesha mraba ndani ya mraba na kusema kwamba hiyo ni Daraja la Pili, amesema kweli juu ya waya uendao ukutani, wala hajasema lolote juu ya waya uendao kwenye spika.

6. Jinsi ya kutandika

Kanuni ile ya Marekani yaamuru mambo kadha, nasi twataja yale yanayotuhusu.

Nyaya za Daraja la Pili na la Tatu zisichanganywe na nyaya za taa ndani ya bomba moja wala sanduku moja, isipokuwa pana ukuta wa kuzitenga. Zikienda sambamba nje ya bomba, ziachane kwa inchi 2, yaani kama milimita 50. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Mpira wa waya wa taa ukichubuka ndani ya bomba moja na waya wa spika, volti 230 zitaingia katika waya mwembamba uliotengenezwa kwa kazi nyingine, na zitafika kwenye skrubu za spika zote nane, na huenda zikarudi mpaka kwenye amplifaya aishikayo mtu kwa mkono. Hapo daraja lililochapwa halina maana tena, kwa kuwa umeme ulio wayani si ule wa amplifaya.

Nyaya zisifungwe juu ya bomba la umeme kwa kamba, wala zisilazwe juu ya mbao za dari. Zishikwe na jengo lenyewe.

Nyaya zenyewe huchapwa ubavuni. Chapa ya CL2 huvumilia volti 150, na CL3 volti 300. Waya wa CL3 waweza kutumika mahali pa CL2, wala CL2 hauwezi kutumika mahali pa CL3. Herufi R ikifuata, waya waruhusiwa kupanda kutoka ghorofa hata ghorofa. Herufi P ikifuata, waruhusiwa kupita katika nafasi za dari zipitishazo hewa ya jengo, kwa kuwa haueneshi moto wala hautoi moshi mwingi.

Mtu asiseme kwamba jambo la moshi ni dogo. Tarehe 21 Novemba 1980, moto ulizuka katika hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas. Ulianza kwa hitilafu ya umeme ukutani katika chumba cha kulia chakula, wala haukuhusu nyaya za spika. Watu 85 walikufa. Moto wenyewe ulikuwa chini, lakini wengi wa waliokufa walikuwa katika ghorofa za juu, wakauawa na moshi uliopanda kwa ngazi, kwa mashimo na kwa njia za hewa. Kila tundu litobolewalo ukutani kupitisha waya, lisipozibwa, ni mlango wa moshi. Kwa sababu hiyo kanuni yaamuru matundu yazibwe kwa kitu kizuiacho moto, na nyaya za zamani zisizotumika tena ziondolewe zisibaki darini kuwa kuni.

7. Sheria ya kwetu

Mwanachama aweza kusema: hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini? Ni kweli kwamba kanuni ile si sheria hapa. Kila nchi ina kanuni zake, na kazi ya umeme wa nyumba hufanywa na mwenye leseni. Katika Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA, na katika Kenya hutolewa na EPRA. Fundi wetu lazima aonyeshe leseni yake, na kazi yake ipimwe kwa sheria ya hapa kwanza.

Lakini chombo chatoka huko na chapa ya huko, na aliyekitengeneza ameahidi usalama kwa sharti kwamba waya utandikwe kwa daraja alilotaja. Tukilivunja sharti lile, tumeivunja na ahadi. Tena zile sababu mbili, moto na kupigwa na umeme, hazijui mpaka wa nchi. Volti 100 za hapa ni sawasawa na volti 100 za popote.

8. Tunayoomba mkutano ukubali

Hatukusimama hapa kuutetea ughali. Fedha ni za wanachama, na wengine wamezitoa kwa shida. Kinyume chake, kuyajua madaraja kwaweza kutupunguzia gharama kwa njia ya halali. Bei ya fundi wa pili imepanda kwa sababu ameweka bomba la chuma pande zote za ukumbi, kana kwamba kila waya ni wa Daraja la Kwanza. Amplifaya ikiwa imechapwa Daraja la Pili au la Tatu kwa skrubu za volti 100, huenda bomba lile lisiwe la lazima kila mahali. Waya wenye chapa ifaayo, uliopewa njia yake mwenyewe na kushikwa ukutani vema, waweza kutosha. Basi bei ya katikati yaweza kupatikana, nayo itakuwa nafuu isiyomhatarisha mtu.

Kwa hiyo twaomba mkutano uiagize Halmashauri, kabla ya kutia sahihi, ipate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

(a) Skrubu zitakazotumika nyuma ya amplifaya zimechapwa daraja gani?

(b) Waya utakaonunuliwa una chapa gani ubavuni, na wafaa kwa daraja hilo?

(c) Njia ya waya ni ipi, na imetengwaje na nyaya za taa?

(d) Jumla ya wati za spika zote ni ngapi, na amplifaya ni ya wati ngapi?

(e) Leseni ya fundi ni ya nambari gani, na ni nani atakayeikagua kazi ikiisha?

Tena twaomba sehemu ya mwisho ya malipo izuiwe mpaka majibu hayo yaonekane kuwa kweli, kwa macho, kabla dari halijafungwa. Dari likiisha kufungwa, yaliyo ndani hayajulikani mpaka siku ya msiba.

Wenzetu, kazi ya karani ni karatasi, na watu wengine hudhani kwamba karatasi haiui mtu wala haimwokoi. Sisi twajua zaidi. Fundi hutandika kile kilichoandikwa katika agizo, na agizo huandikwa na mmoja wetu. Katika ukumbi ule tutafanya mikutano yetu, na wake zetu na watoto wetu watakuja kwa arusi na kwa maombolezo. Sahihi itakayowekwa chini ya karatasi hii ni dhamana juu ya wote watakaokaa chini ya dari lile.